Hakimiliki na Utawala wa Jumuiya za Mtandaoni: Funzo kwa Watumizi wa Kiswahili

Ikisiri

Hakimiliki huelezwa mara nyingi kama ukuta unaomkinga mtunzi dhidi ya mwizi wa kazi yake. Makala haya yanaitazama kwa upande wake wa pili, yaani kama chombo cha utawala. Kwa kurejelea Wikipedia na jumuiya zinazofanana nayo, tunajadili jinsi leseni huria inavyowapa wachangiaji haki ya kuhama na maandishi yao, na jinsi haki hiyo inavyowatia adabu wenye mamlaka. Tunaonyesha pia kwamba haki hiyo huwafaa zaidi wasemaji wa lugha zenye wachangiaji wengi. Katika lugha yenye wachangiaji wachache, kinachoilinda kazi ya pamoja si leseni bali ni kuwapo kwa wajuzi wa lugha yenyewe katika uendeshaji wake. Hoja hii inawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Jumuiya ya mtandaoni, kwa maana itakayotumika hapa, ni kundi la watu wasiolipwa, ambao wengi wao hawajapata kuonana ana kwa ana, lakini wanaoshirikiana kupitia intaneti kuunda kazi moja. Kazi hiyo huweza kuwa kamusi elezo, programu ya kompyuta, ramani au mwongozo wa wasafiri. Kundi la namna hii huzua maswali mawili ambayo mtu akiyachanganya hupotea. La kwanza ni la umiliki: maandishi haya ni ya nani? La pili ni la utawala: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kinachobaki na kinachofutwa?

Katika kitabu cha kawaida maswali haya mawili hujibiwa kwa hati moja. Mtunzi na mchapishaji hutia sahihi mkataba. Mkataba ukaeleza nani anamiliki, nani anahariri na nani anapata mrabaha. Katika Wikipedia, iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001, majibu yametengana. Kila mchangiaji hubaki na hakimiliki ya alichokiandika, lakini mamlaka ya kufuta ukurasa au kumfungia mtu asihariri yako mikononi mwa watu wachache waliochaguliwa na wenzao, ambao Wikipedia ya Kiswahili huwaita wakabidhi. Hivyo basi, mtu anaweza kuwa mmiliki bila ya kuwa mtawala, na akawa mtawala wa kazi ambayo hakumiliki hata sentensi yake moja. Makala haya yanachunguza pengo lililoko baina ya hali hizi mbili.

2.0 Misingi ya Nadharia

Mjadala wa mali ya pamoja ulichochewa na Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, katika makala aliyochapisha mwaka 1968. Hardin alitoa mfano wa malisho yaliyo wazi kwa wafugaji wote. Kila mfugaji hunufaika akiongeza ng'ombe mmoja, na hasara hugawanywa kwa wote. Mwishowe malisho huangamia. Suluhisho lake lilikuwa ama kuyagawa malisho yawe mali ya watu binafsi, ama kuyakabidhi serikali.

Elinor Ostrom aliipinga rai hiyo kwa ushahidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alichunguza malisho ya milimani Uswisi, mifereji ya kunyweshea mashamba nchini Hispania na Ufilipino, pamoja na misitu ya vijiji vya Japani, akaonyesha kwamba watu wa kawaida wameweza kutunza mali ya pamoja kwa karne nyingi bila ya kuigawa wala kuikabidhi serikali. Alibainisha kanuni nane zilizojirudia katika jamii zilizofaulu. Miongoni mwazo ni kwamba mipaka ya wanajumuiya ijulikane, wanaoathiriwa na kanuni washiriki kuzitunga, walinzi wa mali wawajibike kwa watumiaji, na adhabu zipande hatua kwa hatua. Mwaka 2009 Ostrom alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Kwa upande wa intaneti, Lawrence Lessig alidai mwaka 1999 kwamba mwenendo wa mtu hudhibitiwa na nguvu nne: sheria, kaida za jamii, soko, na usanifu wa mahali alipo. Mlango uliofungwa humzuia mtu kuingia hata pasipokuwa na sheria inayomkataza. Na programu ya kompyuta, kwa maoni ya Lessig, ni mlango wa aina hiyo. Yochai Benkler naye, katika maandishi yake ya mwaka 2002 na 2006, alieleza kwamba intaneti imezaa namna ya uzalishaji isiyotegemea kampuni wala amri ya mwajiri, ambapo maelfu ya watu huchangia vipande vidogo vidogo vya kazi moja kubwa.

Nadharia ya nne ni ya Albert Hirschman, aliyeandika mwaka 1970, kabla intaneti haijawa chombo cha umma. Hirschman alisema kwamba mwanachama asiyeridhika na chama chake ana njia mbili: kuhama au kupaza sauti. Uaminifu wake kwa chama ndio unaoamua ni ipi kati ya hizo ataifuata. Nadharia hii ndiyo mhimili wa mjadala wetu, kwa sababu leseni huria imeifanya njia ya kwanza, yaani kuhama, kuwa haki ya kisheria.

3.0 Hakimiliki: Kutoka Ulinzi hadi Leseni Huria

Sheria inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya hakimiliki kwa maana ya kisasa ni ile ya Uingereza ya mwaka 1710, iliyompa mtunzi haki juu ya kitabu chake kipya kwa miaka 14, na miaka 14 mingine akiwa bado hai. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 uliifanya haki hii kuwa ya kimataifa, na Kenya ilijiunga nao mwaka 1993. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa kazi ya fasihi katika uhai wake wote, na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo, maandishi ya Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, yalimaliza muda wa ulinzi nchini Kenya mwishoni mwa 2012, ilhali yale ya Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, yatalindwa hadi mwisho wa 2070. Mwanafunzi anayenakili sura ya riwaya ya Siku Njema na kuibandika mtandaoni, hata kwa nia ya kuieneza lugha, anavunja sheria.

Ni vyema kukumbuka kwamba dhana ya mtunzi mmoja mwenye kazi moja haitoshelezi hata katika fasihi yetu wenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, yalihifadhiwa kwanza vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kumfasiria W. E. Taylor, na W. Hichens akayachapisha mwaka 1940. Diwani tunayoisoma ni ya Muyaka, lakini imepitia mikono mingi kabla ya kutufikia. Sheria ya kisasa humtambua mtunzi, na kidogo humtambua mhariri. Aliyeihifadhi kazi kwa kuikumbuka haina jina la kumwita.

Leseni huria ilizaliwa kutokana na jaribio la kuifanya sheria itambue mikono mingi. Richard Stallman, mtaalamu wa programu wa Marekani, alitoa mwaka 1989 leseni iliyomruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza programu, kwa sharti kwamba atakayesambaza toleo lake aliloligeuza naye awape wengine ruhusa iyo hiyo. Hapa ndipo penye hekima yake: Stallman hakuifuta hakimiliki, bali aliitumia. Kwa kuwa yeye ndiye mmiliki, sheria ilimpa uwezo wa kuweka masharti. Naye akaweka sharti la kutofunga. Shirika la Creative Commons, lililoanzishwa mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza Desemba 2002, lilieneza wazo hilo katika maandishi, picha na muziki.

Wikipedia ilianza kwa leseni iliyobuniwa kwa ajili ya vitabu vya maelezo ya programu. Leseni hiyo ilikuwa nzito kwa matumizi ya kila siku. Mwaka 2009 wachangiaji walipiga kura juu ya kuhamia leseni ya Creative Commons inayodai mambo mawili: mwandishi atajwe, na kazi itokanayo na yake itolewe kwa masharti yayo hayo. Zaidi ya watu 17,000 walipiga kura, na takriban robo tatu wakaunga mkono. Ni nadra hati ya kisheria kuamuliwa kwa kura ya wanaofungwa nayo. Tukio hili linathibitisha kwamba katika jumuiya ya namna hii leseni ina hadhi inayokaribia ya katiba.

4.0 Leseni kama Haki ya Kuhama

Je, katiba hiyo humpa mwanajumuiya nini anapogombana na watawala? Visa viwili vinatoa jibu.

Kisa cha kwanza ni cha Wikipedia ya Kihispania. Mwanzoni mwa 2002 Wikipedia ilikuwa bado inagharimiwa na kampuni ya binafsi ya Marekani, na mratibu wake mkuu, Larry Sanger, akagusia uwezekano wa kuweka matangazo ya biashara ili kupata fedha. Wachangiaji wa Kihispania walikasirika: hawakuwa wamejitolea ili kampuni ipate faida. Mnamo Februari 2002 wengi wao waliondoka, wakaichukua nakala ya makala yote na kuanzisha kamusi elezo yao, Enciclopedia Libre, iliyohifadhiwa katika kompyuta za Chuo Kikuu cha Sevilla. Hakuna aliyewashtaki kwa wizi, kwa maana leseni iliwaruhusu. Kwa muda toleo lao likawa na makala mengi kuliko lile waliloliacha. Mwaka huo huo anwani ya Wikipedia iligeuzwa kutoka ile ya kibiashara kuwa ya mashirika, na mwaka 2003 ukaundwa Wakfu wa Wikimedia, usio wa kibiashara. Matangazo hayajawekwa hadi leo. Waliohama hawakurudi wote, lakini kuhama kwao kuliwafaa waliobaki.

Kisa cha pili ni cha Wikitravel, mwongozo wa wasafiri ulioanzishwa mwaka 2003 na kuandikwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2006 waanzilishi waliuza tovuti kwa kampuni ya Internet Brands. Walichouza ni jina, anwani na mitambo. Maandishi yenyewe hawakuweza kuyauza kana kwamba ni yao peke yao, kwa sababu yalikuwa chini ya leseni huria. Wachangiaji wa Kijerumani walijitenga mwaka huo huo na kuunda Wikivoyage. Mwaka 2012 wachangiaji wengi wa Kiingereza walifuata, na Januari 2013 Wikivoyage ikazinduliwa rasmi chini ya Wakfu wa Wikimedia. Kampuni iliwashtaki wachangiaji wawili. Lakini tunapaswa kuangalia msingi wa mashtaka. Hayakuegemea hakimiliki ya maandishi, bali alama ya biashara na ushindani usio wa haki. Mwaka 2013 shauri lilimalizika kwa maafikiano, na Wikivoyage ikaendelea.

Visa hivi vinadhihirisha kanuni moja: chini ya leseni huria, maandishi huhamika lakini jina halihamiki. Mtawala hubaki na jina na mitambo. Jumuiya huondoka na kazi. Kwa kuwa mtawala anajua hilo, hulazimika kusikiliza. Kwa lugha ya Hirschman, uwezo wa kuhama huipa nguvu sauti ya anayebaki.

5.0 Mahali Leseni Isipofika

Lau mjadala ungeishia hapo, tungesema kwamba leseni nzuri inatosha. Utafiti wa baadaye unatuonya tusifanye hivyo.

Mwaka 2014 Aaron Shaw na Benjamin Mako Hill walichapisha utafiti juu ya jumuiya 683 za aina ya wiki. Walitaka kuipima rai ya Robert Michels, aliyedai mwaka 1911 kwamba kila chama, hata kile kilichoundwa kwa misingi ya demokrasia, huishia mikononi mwa wachache. Walikuta kwamba jumuiya hizi hazikuepukana na mwelekeo huo: kadiri zilivyokua, ndivyo kundi dogo la viongozi wa mwanzo lilivyojiimarisha, na ndivyo michango ya wageni ilivyozidi kukataliwa. Zote zilikuwa wazi kwa wachangiaji; hata hivyo, uwazi huo haukuzuia mamlaka kujikusanya.

Wikipedia ya Kikroatia inaonyesha hatari hiyo katika hali yake mbaya kabisa. Kwa takriban muongo mmoja kikundi cha wakabidhi wenye mrengo mkali wa utaifa kiliitawala, kikapotosha historia ya Vita vya Pili vya Dunia na kuwafungia waliowapinga. Mwaka 2013 Waziri wa Elimu wa Kroatia aliwaonya wanafunzi wasiitegemee. Ni mwaka 2020 tu ambapo kikundi hicho kilianza kuvunjwa, na mwaka 2021 Wakfu wa Wikimedia ukatoa ripoti ya tathmini. Kwa nini waliodhulumiwa hawakuhama kama Wahispania? Kuhama kunataka watu wa kutosha kuanzisha kijiji kipya. Wachangiaji wa lugha hiyo walikuwa wachache, nao tayari walikuwa wamegawanyika, kwani Kikroatia, Kiserbia na Kibosnia, lugha zinazosikilizana, kila moja ina Wikipedia yake. Mtu mmoja mmoja aliondoka kimya kimya, na kila aliyeondoka aliwaachia watawala nafasi zaidi.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kisa cha Kiskoti kinauma zaidi. Hii ni lugha ya Uskoti yenye udugu na Kiingereza, na katika sensa ya 2011 zaidi ya watu milioni moja na nusu walisema kwamba wanaizungumza. Agosti 2020 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya makala ya Wikipedia ya Kiskoti iliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Kwa miaka kadhaa alikuwa akichukua sentensi za Kiingereza na kubadilisha neno hapa na neno pale kwa msaada wa kamusi. Hakuwa na nia mbaya, na alikuwa miongoni mwa wakabidhi. Tuipime hali hiyo kwa mizani ya hakimiliki: hapakuwa na wizi, masharti ya leseni yalifuatwa, na hakuna aliyezuiwa kusahihisha. Kisheria kila kitu kilikuwa sawa. Kilichoharibika ni lugha, nayo lugha haina hati ya umiliki ambayo mtu angeweza kuishika mkononi na kwenda nayo mahakamani.

Hapa ndipo tunapoiona thamani ya kanuni za Ostrom. Malisho ya Uswisi yalisalimika kwa sababu wanakijiji wenyewe ndio walioyalinda. Katika Wikipedia ya Kiskoti lango lilikuwa wazi, lakini wenyeji hawakuwapo.

6.0 Nafasi ya Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Lugha yetu ina wasemaji wengi mno kuliko Kiskoti au Kikroatia, na mtu angeweza kudhani kwamba hatari iliyoelezwa haituhusu. Hata hivyo, katika utawala wa jumuiya ya mtandaoni hesabu inayofaa si ya wasemaji bali ya wachangiaji wa kudumu, na kwa hesabu hiyo Kiswahili ni lugha ndogo. Kina wachangiaji wachache wa kudumu na wakabidhi wachache zaidi. Wakitofautiana, hawana idadi ya kuwawezesha kugawanyika mara mbili na kila upande ukaishi. Haki ya kuhama tunayo kisheria. Kwa hali halisi hatuna.

Kwa hiyo imetubakia njia ya pili ya Hirschman, yaani sauti. Sauti hiyo ina kazi tatu mahususi.

Kwanza, ni kazi ya lugha yenyewe. Maandishi ya mtandaoni sasa hutumiwa kufundishia mitambo ya kutafsiri na programu za akili bandia. Sentensi mbovu iliyoachwa katika makala ya Kiswahili haibaki hapo. Hunakiliwa, ikajifunzwa na mtambo, kisha ikarudi kwetu kama tafsiri. Mwenye kujua ngeli na upatanisho wa kisarufi, na anayeweza kutofautisha istilahi na neno lililobuniwa ovyo, ndiye anayeweza kuukata mzunguko huo.

Pili, ni kazi ya kusimamia hakimiliki ndani ya jumuiya. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu ambao mwenye haki humpelekea mtoa huduma za intaneti notisi ya kutaka kazi iliyobandikwa bila idhini iondolewe. Utaratibu huu una faida, lakini hukutanisha mwenye haki na mtoa huduma; jumuiya iliyoandika haina kiti katika kikao hicho. Njia bora ni wachangiaji kuondoa nakala haramu kabla notisi haijaandikwa. Anayezifahamu riwaya, tamthilia na vitabu vya kiada vya Kiswahili huitambua aya iliyonakiliwa mara tu aionapo.

Tatu, ni kazi ya kutunga kanuni. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha mashindano ya kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili, yakiwalenga wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na yakamalizika mwaka 2010. Mashindano huongeza idadi ya makala, na hilo ni jema. Lakini mashindano huisha siku ya kugawa zawadi, ilhali utawala ni kazi ya kila siku: kujadili kigezo cha makala bora, kuamua istilahi ipi itumike, kuchagua wakabidhi, na kuwauliza wanapofuta kitu bila sababu. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina kile ambacho mashindano hayana, yaani mfululizo wa vizazi. Wanafunzi wa mwaka wa nne wanapoondoka, wa mwaka wa kwanza wameshaingia. Jumuiya ya mtandaoni inayotegemea mtu mmoja hufa anapochoka. Inayotegemea chama huweza kudumu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili hakimiliki kama chombo cha utawala. Tumeona kwamba leseni huria haikuiondoa hakimiliki bali iligeuza makali yake, ikawapa wachangiaji uwezo wa kuondoka na kazi yao. Na kwamba uwezo huo uliwafaa Wahispania mwaka 2002 na wasafiri wa Wikivoyage miaka kumi baadaye. Tumeona vilevile kwamba uwezo huo haukuwafaa Wakroatia, na kwamba haukuhusika kabisa na madhara yaliyokipata Kiskoti, kwa sababu leseni hulinda uhuru wa maandishi, si usahihi wake wala uadilifu wa wanaoyasimamia.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Katika mali isiyo na mwenyewe mmoja, aliyepo ndiye anayeamua: lugha itaandikwaje, historia itasimuliwaje, na neno gani litaitwa sanifu. Inapendekezwa kwamba somo la hakimiliki na leseni huria liingizwe katika kozi za uandishi na uhariri wa Kiswahili, na kwamba vyama vya wanafunzi viifanye kazi ya kuhariri na kusimamia maandishi ya mtandaoni kuwa sehemu ya shughuli zake za kawaida, kama ilivyo midahalo na makongamano. Utafiti zaidi unahitajika hasa juu ya namna wakabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili wanavyofikia maamuzi yao. Kurasa za majadiliano zimehifadhiwa na ziko wazi kwa kila mtu; zinamsubiri mwanafunzi wa isimujamii azisome.